Kompyuta kugoma kuzima baada ya apdeti: tusikimbilie kuchomoa waya

TAREHE 13 Januari 2026 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa masasisho yake ya kila mwezi ya usalama kwa ajili ya Windows. Siku chache baadaye ikakiri kwamba baadhi ya kompyuta zenye Windows 11, toleo la 23H2, zilikuwa zimepata ugonjwa wa ajabu: mwenye mashine akiiamuru izime, yenyewe inawaka upya. Zilizoathirika ni zile zilizowekewa ulinzi uitwao Secure Launch, ambao hupatikana zaidi maofisini kuliko majumbani. Tarehe 17 ya mwezi huo huo dawa ya dharura ikatolewa, na dunia ikaendelea na mambo yake.

Msomaji aliyeko Buyenzi, au mfanyabiashara anayepitisha mzigo Kobero, anaweza kusema hayo ni ya maofisi makubwa ya ng'ambo. Lakini ugonjwa wenyewe, yaani mashine kukataa kuzima baada ya kufanyiwa kile ambacho wote tumezoea kukiita apdeti, upo hapa hapa Bujumbura kwa sura zake mbalimbali. Upo kwenye vibanda vya kuchapisha karatasi, kwenye ofisi za mawakala wa forodha na kwenye shule zetu. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna anayetoa taarifa. Mwenye mashine anakandamiza kitufe sekunde tano, au anachomoa waya ukutani, anafunga mlango na kwenda zake nyumbani. Kesho yake akikuta daftari la madeni halifunguki, lawama zote zinakwenda kwa virusi.

Na suala hili halitapungua, litaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya bure ya kawaida. Windows 11 nayo ina masharti: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa wale wanaotumia vichakato vya Intel, inataka vya kizazi cha nane kwenda mbele. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini hapa ni mitumba, na mitumba haikutengenezwa ikijua masharti hayo. Kwa hiyo wenye mashine wamegawanyika. Wapo waliobaki na Windows 10 wakiomba Mungu. Wapo waliowaita mafundi wakawawekea Windows 11 kwa njia za panya. Na wapo, hasa shule na ofisi ndogo, waliohamia Linux, ule mfumo endeshi wa bure ambao sura yake inayojulikana zaidi kwetu ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Makundi yote matatu yatakutana na mashine isiyotaka kuzima. Kila kundi litakutana nayo kwa sababu tofauti, na hapo ndipo mafundi wetu wengi wanapokosea, maana dawa yao ni moja kwa wote: chomoa.

Mimi nilichomoa, na sina wa kumlaumu. Ilikuwa mwisho wa muhula. Kompyuta moja ya shule, ya zamani lakini yenye nguvu, ndiyo iliyokuwa ikitunza hifadhidata ya alama za wanafunzi, na walimu wengine waliingiza alama zao humo kupitia waya wa mtandao wa ofisini. Ilikuwa ya Linux. Mchana ule intaneti ilikuwa nzuri, nikaona nifanye apdeti niliyokuwa nimeiahirisha kwa miezi. Ikashuka, ikajisimika, ikasema imekamilika. Saa kumi na moja nikaiamuru izime. Kioo kikawa cheusi, ukatokea mstari mmoja unaosema kwamba inasubiri kazi fulani isimame, na pembeni sekunde zinahesabika kuelekea dakika moja na nusu. Zikafika, ikajiongezea muda. Nje magari ya kwenda kwetu yalikuwa yanaadimika, maana ilikuwa ni katika vile vipindi vya uhaba wa mafuta ambavyo nchi imevipitia tangu mwaka 2021. Nikachomoa waya.

Kazi ile iliyokuwa inasubiriwa, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ni hifadhidata yenyewe, ikijitahidi kuandika diskini yale iliyokuwa nayo kichwani kabla ya kufunga. Asubuhi jedwali la alama za kidato kizima halikufunguka. Alama nyingi tulizirudisha kutoka kwenye daftari za karatasi, kazi ya siku tatu. Lakini kulikuwa na wanafunzi wawili waliorejea kutoka kambi ya Nyarugusu katikati ya muhula, ambao walimu waliwaingiza moja kwa moja kwenye mashine kwa kuwa majina yao hayakuwamo kwenye daftari. Mtoto wa namna hiyo hana karatasi nyingine nchini inayoonyesha amesoma nini. Walirudia mtihani wa hesabu siku ya Jumamosi, peke yao darasani, kwa kosa ambalo si lao. Mmoja alipata alama za chini kuliko za mwanzo, na nazijua za mwanzo kwa sababu nilikuwa nimezisahihisha mimi.

Tangu hapo nimefuatilia ni nini hasa hutokea. Nitaeleza kwa lugha ya kawaida, maana mambo haya huandikwa kana kwamba yanawahusu wahandisi peke yao.

Programu za kompyuta hazijitegemei. Namna ya kufungua faili, kusoma saa, kuandika diskini au kutuma ujumbe mtandaoni, ni mambo ambayo kila programu inayahitaji. Badala ya kila moja kubeba yake, yamekusanywa mahali pamoja na programu zote huazima hapo. Mkusanyiko huo huitwa maktaba. Ni jina zuri. Wale waliofanya mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotuletea Jambo OpenOffice mwaka 2004, walituonyesha kwamba mambo haya yanasemeka kwa Kiswahili bila kuumiza ulimi. Katika Linux iliyo kubwa kuliko zote ni maktaba ya lugha ya C, ijulikanayo kama glibc. Karibu kila kitu kinachoendeshwa kinaazima humo, ikiwa ni pamoja na programu namba 1, ile inayoamka kwanza mashine inapowashwa, inayoziamsha nyingine zote, na ambayo ndiyo yenye kazi ya kuzilaza wakati wa kuzima.

Sasa ukisasisha maktaba hiyo huku mashine inafanya kazi, faili jipya linawekwa mahali pa lile la zamani, kwa jina lile lile. Programu itakayofunguliwa baada ya hapo itapewa jipya. Ile iliyokuwa tayari imefunguliwa inabaki na la zamani mkononi, na mfumo haumnyang'anyi mtu kitu anachokitumia. Faili la zamani limefutwa kwenye orodha, ukilitafuta kwa jina hulioni, lakini mwili wake bado upo diskini mpaka mwazimaji wa mwisho aliachie.

Wafanyabiashara wataelewa haraka wakikumbuka Juni 2023. Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilitangaza kuziondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na ikatoa siku 10 za kuzirudisha. Siku ya tangazo noti zile zilikuwa zimekufa kwenye karatasi, lakini zilikuwa hai mifukoni: mashambani, kwenye makoba ya akina mama wa sokoni, na kwa wale waliokuwa ng'ambo ya mpaka upande wa Kigoma. Hesabu ya noti za zamani isingeweza kufungwa mpaka kila mwenye nayo aiachie, au muda umkatike nayo mkononi. Apdeti ya maktaba ni tangazo la namna hiyo. Mashine inaposema imekamilika, maana yake ni kwamba tangazo limesomwa. Noti za zamani bado ziko mitaani.

Saa ya kuzima ndiyo siku ya mwisho. Mfumo huziambia programu zifunge, kisha huigeuza diski iwe ya kusomwa tu, isiandikwe tena, ndipo umeme unakatwa. Hapo kwenye kuigeuza diski ndipo penye kikwazo. Kama kuna programu iliyoshika faili lililokwisha kufutwa, diski haikubali kufungwa, kwa sababu faili hilo likiachiwa lazima nafasi yake isafishwe, na kusafisha ni kuandika. Mfumo unajibu kwamba diski inatumika. Katika Linux za zamani aliyekuwa ameshika alikuwa ni namba 1 mwenyewe, yaani yule aliyetakiwa kufunga mlango alikuwa amesimama kizingitini. Ndiyo maana watunzaji wa Debian, ambayo ni mzazi wa Ubuntu, waliweka ndani ya kifurushi cha maktaba ya C agizo kwamba mara baada ya kusimikwa, namba 1 ajianzishe upya papo hapo bila mashine kuzimwa, ili aachie ya zamani. Agizo hilo ni maneno mawili tu, "telinit u", lakini limeokoa diski nyingi. Anayesasisha kwa mkono, kwa kunakili mafaili kutoka kwenye flashi kama nilivyoona vijana wakifanya pale intaneti inapokuwa ghali, analiruka agizo hilo bila kujua.

Mwaka 2015 Debian toleo la 8 na Ubuntu toleo la 15.04 zote zilihamia kwenye namba 1 wa aina mpya, aitwaye systemd. Huyu mwishoni kabisa hukabidhi kazi kwa programu ndogo ambayo shughuli yake ni kuzima tu, na kwa kukabidhi huko anaachia kila alichokuwa ameshika. Ugonjwa wa zamani ukapoa. Haukufa, umehama chumba.

Leo unajitokeza kwa namna mbili. Ya kwanza ni kitufe cha kuzima kwenye kioo kubonyezwa na lisitokee lolote. Kitufe hicho hakizimi chenyewe. Kinatuma ujumbe kupitia tarishi wa ndani aitwaye D-Bus, naye anaupeleka kwa anayehusika. Apdeti ikimgusa tarishi au ikimgusa namba 1, na mmoja akawa wa toleo jipya huku mwingine ni wa zamani, ujumbe unaweza kupotea njiani. Ya pili ni ile iliyonikuta mimi, ya kusubiri. Kwa kawaida systemd huipa kila huduma sekunde 90 za kufunga shughuli zake, na nyingine huandikiwa muda mrefu zaidi. Mtu anayeona sekunde zinahesabika hudhani mashine imekwama. Pengine imekwama kweli. Lakini pengine ni karani anayemalizia kuandika, na wewe unamzimia taa.

Windows ina tabia iliyo kinyume kabisa. Yenyewe kwa kawaida hairuhusu faili linalotumika kubadilishwa. Inaandika orodha ya yatakayobadilishwa, kisha inayabadilisha wakati wa kuzima na wakati wa kuwaka. Zile asilimia zinazopanda taratibu kwenye kioo cha buluu, na lile onyo la kwamba usizime kompyuta, ndiyo kazi hiyo. Hapa nina neno kwa warejeaji wenzangu. Mashine nyingi za mjini zimewekwa lugha ya Kifaransa, na sisi tuliosomeshwa Tanzania tunakisoma Kifaransa kwa kubahatisha. Nimemwona mtu mzima, mwenye duka lake, akiona maandishi asiyoyaelewa na mashine haifanyi alichotaka, akaamua kumaliza ubishi kwa kuchomoa waya katikati ya asilimia 60. Lugha ya kioo inabadilishwa kwenye mipangilio kwa dakika chache, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya Windows 10. Anayeuziwa mashine aombe afanyiwe hivyo kabla hajalipa.

Tena kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, amri ya kuzima haizimi kila kitu. Ili iwake haraka kesho, Windows huhifadhi sehemu ya moyo wake diskini kama ilivyo na kuirudisha asubuhi. Kwa hiyo mtu anaweza "kuzima" kila jioni kwa mwezi mzima na moyo wa mashine usianze upya hata mara moja. Amri ya kuwasha upya ndiyo inayoanza kila kitu kutoka mwanzo. Anayetaka kuzima kwa ukamilifu ashikilie kitufe cha Shift wakati anabonyeza kuzima. Ongeza na hili: kwa miaka mingi watu walilalamika kwamba ile chaguo ya kusasisha kisha kuzima ilikuwa ikiwasha upya badala ya kuzima, wakaonekana wanaota, mpaka Oktoba 2025 Microsoft ilipotoa marekebisho na kukiri kuwa kasoro ilikuwapo. Laptopu iliyotiwa kwenye begi jioni ikidhaniwa imezima, asubuhi inatolewa ikiwa moto na betri tupu. Mfanyabiashara wa mpakani aliyeweka ankara zake humo akitegemea kuzifungua mbele ya afisa wa forodha anajua hasara yake.

Mtu afanye nini basi? Kwanza asubiri, na asubiri kweli. Dakika kumi si nyingi mbele ya kazi ya muhula mzima. Aangalie ile taa ndogo ya diski, kama mashine inayo. Ikiwa inapepesa, kuna kinachoandikwa. Kama bado anaweza kufungua dirisha la amri, kwa Linux aandike "sync", ambayo inaamuru kila kilichobaki kichwani kiandikwe diskini, kisha azime kwa amri badala ya kitufe. Kwa Windows iliyopatwa na kasoro ile ya Januari, Microsoft yenyewe ilishauri amri ya "shutdown /s /t 0".

Kioo kikiwa kimeganda kabisa, Linux ina mlango wa dharura ambao wachache wanaufahamu. Unashikilia kitufe cha Alt pamoja na kile cha SysRq, ambacho kwenye kibodi nyingi ni kile kile cha Print Screen, kisha bila kuviachia unabonyeza herufi moja moja, ukipumzika kidogo kati yake: S, kuandika kilichobaki, U, kuigeuza diski iwe ya kusomwa tu, na B, kuwasha upya. Laptopu nyingi zinadai na kitufe cha Fn kiongezwe. Ubuntu imeruhusu herufi hizo tatu kama ilivyo. Si njia ya kistaarabu, programu haziagwi, lakini diski inafungwa kwa heshima. Herufi hizo nimezibandika kwa karatasi ubavuni mwa kila mashine ya shule. Kukandamiza kitufe cha umeme kubaki kuwa hatua ya mwisho, na kuchomoa waya kusiwepo kabisa.

Lakini hayo yote ni ya kuokoa maiti. Swali kubwa zaidi, ambalo nasikia likijibiwa vibaya kila siku, ni kama tufanye apdeti hata kidogo. Mafundi wengi wa mjini wanazima masasisho siku ile ile wanayokuuzia mashine, na wanajisifu kwa hilo. Hoja yao ina uzito. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni ulinzi, liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani, na nyingi zilibidi zifufuliwe kwa mkono, moja baada ya nyingine. Waliokuwa hawajasasishwa asubuhi ile walilala salama.

Hata hivyo, anayekaa bila apdeti naye anakaa na mlango wazi. Januari 2015 ulitangazwa udhaifu ulioitwa GHOST ndani ya maktaba hiyo hiyo ya C, ambao ulikuwamo tangu mwaka 2000. Aprili 2014 ulikuwa umetangazwa Heartbleed, katika maktaba ya OpenSSL inayolinda mawasiliano ya siri mtandaoni. Na kisa cha udhaifu wote huo kinarudi pale pale kwenye mada yetu. Kusimika maktaba mpya peke yake hakukutosha. Kila programu iliyokuwa imefunguliwa kabla iliendelea kutumia ya zamani pamoja na tundu lake, mpaka ifungwe na kufunguliwa tena. Yaani ofisi ingeweza kuapa kwamba imefanya apdeti, karatasi zikaonyesha hivyo, na mwizi akaendelea kuingia. Hapo ndipo ninaposema kwamba apdeti isiyofuatiwa na mashine kuzima sawasawa na kuwaka tena haijafanyika. Imeandikishwa tu.

Kwa wakala wa forodha jambo hili si la nadharia. Matamko ya mizigo ya Burundi yanapita kwenye mfumo wa ASYCUDA World uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD, ambao OBR inautumia. Ofisi ya wakala ina kompyuta mbili tatu, na ndani yake mna ankara, namba za walipa kodi na bei halisi za wateja kumi au ishirini, wengine wakiwa washindani. Ofisi hiyo haiwezi kukaa na mashine yenye tundu. Wala haiwezi kuamka Jumatatu ikakuta mashine zote zimekufa kwa apdeti ya Jumapili huku lori limesimama Kobero na gharama za kusimama zinahesabika kila siku.

Njia iliyopo ni ya kichuuzi, na wafanyabiashara wanaijua kuliko mimi: usipeleke mtaji wote kwa safari moja. Sasisha mashine moja kwanza, ile isiyo na siri kubwa wala kazi ya haraka. Izime, iwashe, itumie siku nne au tano. Kasoro ya Januari ilichukua siku nne kutolewa dawa, na kwa kasoro nyingi kubwa kelele husikika ndani ya siku ya kwanza. Ikinyamaza, endelea na nyingine. Kabla ya yote, nakala ya mafaili muhimu iwe kwenye flashi au diski ya nje iliyochomolewa, na si iliyobaki imechomekwa kwenye mashine hiyo hiyo.

Kisha upo umeme. Hata baada ya mitambo ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati yetu, Rwanda na Tanzania, mwenye duka mjini hathubutu kukuahidi umeme wa saa mbili mfululizo. Apdeti inayokatwa katikati ni mbaya kuliko apdeti isiyofanyika. Laptopu yenye betri nzima ina nafuu. Kompyuta ya mezani inahitaji kile kifaa cha akiba wanachokiita UPS, na kifaa hicho kinauzwa kwa bei inayokaribia ya kompyuta kuukuu yenyewe, ndiyo maana watu wanakikwepa. Shule inayopokea kompyuta 20 za msaada bila UPS hata moja imepewa nusu ya msaada. Wafadhili na wazazi waliorejea na uwezo, mkiuliza shule inahitaji nini, ombeni kuonyeshwa kwanza seva inachomekwa wapi.

Jambo la mwisho linahusu nani anayeshika kazi hii. Katika shule nyingi hakuna. Kompyuta ni ya mkuu wa shule kwa karatasi, ni ya mwalimu wa hesabu kwa mazoea, na ni ya kijana wa nje kwa matengenezo. Kijana anafanya apdeti anapopata intaneti, mwalimu anazima anapotaka kuondoka, na hakuna anayejua mwenzake amefanya nini. Mchana ule, hata kama ningekuwa nimesoma yote niliyoyaandika hapa, mwalimu mwenzangu aliyeingia ofisini saa kumi na moja angeweza kuchomoa waya bila kujua kwamba kuna apdeti imepita.

Sasa hivi kuna daftari limefungwa kwa kamba kwenye meza ya seva. Lina mistari minne: tarehe, jina la aliyesasisha, nakala imewekwa wapi, na kama mashine ilizima yenyewe. Muhula uliopita mstari wa nne ulijazwa "hapana" mara moja. Mashine hiyo iliachwa ikiwaka usiku kucha, mlango ukafungwa, mlinzi akaambiwa asiiguse. Saa moja asubuhi tuliikuta imezima.